Umekwama Ufukweni Mikono Mitupu: Kwa Nini Maji ya Ziwa Nyasa Unywe, ya Bahari Uyaache

Weka glasi mbili mezani. Ya kwanza umeichota Matema, ukingoni mwa Ziwa Nyasa, jirani na mahali watu wanapofua, wanapoogelea na wanapoegesha mitumbwi. Maji yake yana vumbivumbi. Ya pili umeichota Kilwa, kwenye bahari iliyotulia. Inang'aa, unaona hadi chini ya glasi. Sasa nikuulize: umekwama ufukweni tangu jana, huna kiberiti, huna sufuria, simu imezama na ulimi umekauka kama kibao. Unakunywa ipi?

Macho yatakuambia ya pili, lakini sayansi inasema ya kwanza, tena bila kusitasita. Ukielewa sababu, umeelewa zaidi ya nusu ya elimu ya kujiokoa ufukweni, na elimu hiyo haihitaji kifaa hata kimoja.

Naandika haya nikiwafikiria hasa wenzangu wa Tukuyu. Kwetu mvua inazidi milimita 2,000 kwa mwaka. Yaani kila mita moja ya mraba ya bustani yako inamwagiwa zaidi ya lita 2,000. Mtoto wa Rungwe hakui akiwaza kiu. Anakua akiwaza tope. Ndiyo maana tukishuka zaidi ya mita 1,000 kwenda Matema wakati wa likizo, au tukienda chuo Dar es Salaam na kualikwa kutembelea kisiwa, tunakwenda na akili ya mlimani: maji yapo tu. Kwa namna fulani ni kweli. Mvua inayonyesha kwetu inashuka na mito kama Kiwira, Mbaka na Lufilyo hadi Ziwa Nyasa, inatoka ziwani kwa mto Shire, inaingia Zambezi na kuishia Bahari ya Hindi. Lakini maji ya mwanzo wa safari hiyo na maji ya mwisho wake si kitu kimoja mwilini mwako.

Na kukwama si hadithi za sinema. Kutoka Matema kwenda Ikombe na kuendelea kusini, milima ya Livingstone inaingia ziwani karibu wima. Kuna vipande vya ufukwe ambavyo nyuma yake ni mawe na msitu tu, na njia ya kawaida ya kutoka ni mtumbwi. Upepo wa mwera ukichachamaa, hata wavuvi wazoefu hujibanza ufukweni na kusubiri utulie. Upande wa bahari nako kuna mafungu ya mchanga na visiwa vidogo visivyo na watu, ambako injini moja ya boti ikigoma, basi.

Kila hatari ina saa yake

Ukikwama, akili hukimbilia chakula. Hilo ndilo kosa la kwanza. Hatari zote haziui kwa kasi moja, kwa hiyo zipange kwa saa.

Baridi na joto huua kwa saa. Maji huondoa joto mwilini kama mara 25 haraka kuliko hewa, ndiyo maana hata ziwa linaloonekana vuguvugu linaweza kukutetemesha ukikaa ndani muda mrefu. Mtumbwi ukipinduka mbali na ufukwe, ung'ang'anie. Mbao inaelea hata ikiwa imejaa maji, na mtumbwi unaonekana kwa mbali kuliko kichwa cha mtu. Ukifika nchi kavu, kamua nguo na jikinge na upepo. Mchana kinyume chake: tafuta kivuli, na kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni usifanye kazi yoyote isiyo ya lazima. Mtu anayefanya kazi juani anaweza kupoteza lita nzima ya jasho kwa saa moja.

Kiu huua kwa siku. Kwenye joto la pwani, bila tone la maji, hesabu siku tatu hivi, na pungufu ya hapo ukihangaika juani.

Vijidudu vya kwenye maji vina saa ndefu kidogo. Kipindupindu kinaweza kuanza ndani ya saa chache hadi siku tano, homa ya matumbo wiki moja au zaidi, na kichocho huchukua wiki kadhaa kujionyesha.

Njaa ndiyo ya mwisho kabisa. Mtu mzima mwenye afya anaweza kukaa wiki kadhaa bila chakula ilimradi ana maji.

Sasa rudi kwenye glasi zetu. Ile ya Matema inaweza kukupa ugonjwa ambao hospitali inautibu wiki ijayo. Ukikataa kuinywa kwa sababu ya uchafu, kiu inakumaliza keshokutwa. Kama hakuna maji mengine, kunywa, kisha ukiokolewa nenda ukapime na useme wazi ulikunywa nini na wapi. Ile ya Kilwa nayo haisubiri hata kesho. Inaanza kukukausha leo hii.

Mkopo wa kausha damu

Mbona maji yakukaushe? Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Mwili hauwezi kuiacha chumvi hiyo izunguke kwenye damu. Lazima itolewe, na kazi hiyo ni ya figo. Lakini figo za binadamu zina kikomo. Mkojo mzito kabisa wanaoweza kuutengeneza unabeba takriban gramu 20 tu za chumvi kwa lita.

Piga hesabu. Gramu 35 ukigawa kwa 20 unapata 1.75. Umekunywa lita 1 ya bahari, sasa unahitaji lita 1 na robo tatu za mkojo ili kuitoa chumvi yake. Hizo robo tatu za ziada zinatoka wapi? Zinatoka kwenye damu yako na kwenye seli zako. Ni ile mikopo ya kausha damu tunayoijua mtaani: unapewa 1,000, unarudisha 1,750, na ukikopa tena kulipa ya kwanza ndiyo unazama. Kwa hiyo kunywa kidogo kidogo hakusaidii, na kuchanganya na maji uliyobakiza ni kuyaharibu. Kunywa mkojo nako ni biashara ileile, maana ni chumvi na taka ambazo figo zimeshazikataa mara moja.

Ziwa Nyasa, pamoja na vumbi lake, ni maji yasiyo na chumvi ya kuhesabika. Figo hazina kesi nayo.

Ila bahari usiidharau kabisa. Ina kazi moja nzuri: chovya shati uvae likiwa limelowa wakati wa jua kali. Maji yakikauka mwilini yanaondoka na joto, ileile kazi ya jasho, lakini safari hii lita inayopotea ni ya bahari na si yako. Jioni livue, likauke kabla upepo wa usiku haujaanza.

Rudi nyuma, chimba kidogo

Hapa ndipo ufukwe wenyewe unapogeuka kifaa.

Watu wa pwani huyaita maji yasiyo na chumvi "maji baridi". Kwetu Tukuyu maji yote ni baridi, kwa hiyo mgeni anaweza asielewe anachoulizwa. Kule neno hilo lina uzito, kwa sababu maji baridi hupatikana kwa kuchimba, na mara nyingi hupatikana karibu na bahari kuliko unavyodhani. Nenda magofu ya Kaole, Bagamoyo, utaoneshwa kisima chenye maji baridi jirani kabisa na bahari. Visima vipo pia kwenye magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, miji ya visiwani iliyoingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Watu waliishi humo karne nyingi, wamezungukwa na maji ya chumvi pande zote. Je, walikunywa nini?

Walikunywa mvua iliyolala chini ya miguu yao. Mvua ikinyesha kwenye mchanga au mawe ya matumbawe inazama, na kule chini inakutana na maji ya bahari yaliyopenya kutoka pembeni. Lita moja ya maji ya mvua ina uzito wa kilo 1. Ya bahari ina kilo 1.025. Tofauti ni ndogo, lakini inatosha: maji mepesi yanakaa juu ya mazito, kama mafuta juu ya mchuzi, ingawa hapa mpaka wake una mchanganyiko kidogo. Mwishoni mwa karne ya 19 Mholanzi Badon Ghijben, na mwaka 1901 Mjerumani Herzberg, kila mmoja kivyake, waliiandikia kanuni: pale ambapo maji baridi yamesimama mita 1 juu ya usawa wa bahari, chini yake kunaweza kuwa na takriban mita 40 za maji baridi. Wachimba visima wa Kilwa hawakuwa na kanuni hiyo kwenye karatasi, lakini matokeo yake walikuwa wakiyanywa.

Kwako uliyekwama, kanuni hiyo inatoa maelekezo ya wazi. Usichimbe pale mawimbi yanapofika. Panda juu ya mstari wa mwani na takataka ulioachwa na maji yalipojaa, vuka tuta la kwanza la mchanga, tafuta bonde dogo lenye majani mabichi. Chimba kwa mikono, kwa kifuu cha nazi au kwa gamba la chaza, jioni au alfajiri ili usitoe jasho la bure. Na hili ndilo la kushika: ukiona maji ya kwanza tu, simama. Maji baridi ndiyo yaliyo juu. Ukiendelea kwenda chini, au ukikomba kwa pupa, unaivuta chumvi kutoka chini. Chota kidogo, subiri yajae, chota tena. Ukionja chumvi ya wazi, acha hilo shimo, rudi nyuma zaidi ukajaribu lingine. Pwani yenye miamba ya matumbawe, angalia pia maji yakipwa. Wakati mwingine maji baridi huchuruzika kutoka kwenye nyufa za mwamba.

Matema nako unachimba, lakini kwa sababu tofauti. Huko huikimbii chumvi, unawakimbia walio hai. Chimba hatua chache kutoka ukingoni ili maji ya ziwa yapite kwenye mchanga kabla ya kukufikia. Ya kwanza yatakuwa na tope. Yakombe uyamwage, acha shimo lijae upya. Watu wa Dodoma na Singida hufanya hivyohivyo kwenye mito ya mchanga kila kiangazi. Na kuna faida ya pili: huchutami ukingoni. Mamba wapo ziwani, hasa karibu na midomo ya mito, na mtu aliyeinama kuchota maji magharibi ndiye wanayemsubiri.

Mchanga unazuia nini, na nini unashindwa

Mwaka 1892 kipindupindu kiliingia Hamburg, Ujerumani, kikaua zaidi ya watu 8,000. Mji wa Altona ulikuwa umegusana nao, mtaa mmoja huku na mwingine kule, na ulichota maji mto uleule wa Elbe, tena upande wa chini ambako uchafu wa Hamburg ulikuwa umeshamwagwa. Hata hivyo Altona iliponea chupuchupu. Tofauti ilikuwa mchanga: Altona ilichuja maji yake taratibu kupitia matabaka ya mchanga, Hamburg haikuchuja. Robert Koch mwenyewe alikwenda kuchunguza, na tukio hilo likawanyamazisha wengi waliokuwa bado wanabisha kwamba kipindupindu hakisambazwi na maji.

Usinielewe vibaya, shimo lako la nusu saa si mtambo wa Altona. Mchujo ule una utando wa viumbe hai wadogo juu ya mchanga, unaochukua wiki kukomaa, na ndio unaokamata bakteria wengi. Shimo la ufukweni linazuia tope, takataka na viumbe wakubwa kidogo. Bakteria linawapunguza tu. Na Wilaya ya Kyela imewahi kupata kipindupindu zaidi ya mara moja, kwa hiyo si hatari ya kubuni.

Hapo ndipo takataka zetu zinageuka msaada. Ni vigumu siku hizi kukuta ufukwe usio na chupa ya plastiki. Chagua isiyo na rangi, isiyozidi lita 2, ambayo haijakwaruzika sana wala haikuwa na dawa au mafuta. Isuuze, ijaze maji ya shimoni yaliyotulia, ilaze juani. Kukiwa na jua la kutosha, saa 6 zinatosha. Kukiwa na mawingu, iache siku 2 mfululizo. Mionzi ya urujuanimno pamoja na joto huua sehemu kubwa ya vijidudu. Watafiti wa Beirut, Lebanoni, ndio walioanza kuipima njia hii vizuri karibu na mwaka 1980, na leo inatambuliwa na Shirika la Afya Duniani. Masharti ni mawili: maji yasiwe na tope, maana tope ni kivuli cha vijidudu, na usiitegemee kwa chumvi. Jua halitoi chumvi kwenye chupa iliyofungwa.

Kichocho kina mlango wake. Mabuu yake hutoka kwa konokono na kupenya kwenye ngozi, si lazima uyanywe. Kwa hiyo ziwani usikae ndani ya maji yaliyotulia yenye majani. Kama ni kulowesha shati, tumia maji ya shimoni. Mabuu hayo hufa yenyewe maji yakikaa saa 48. Na kama uliingia ziwani kwa lazima, dawa ipo, inaitwa prazikwanteli. Kapime baada ya wiki kadhaa hata kama hujisikii vibaya.

Na ukiwa karibu na Wakisi wa Ikombe, ambao vyungu vyao vinauzwa sokoni Lyulilo pale Matema, basi umeshaokoka: chungu na moto hushinda njia zote nilizozitaja. Kuchemsha hakuna mpinzani.

Njaa isubiri

Ukiwa na maji machache, kula kunaweza kukuongezea kiu. Samaki, chaza na kome ni protini, na mwili ukivunja protini unabaki na taka inayoitwa urea, ambayo lazima itolewe kwa mkojo. Kwa maneno mengine, samaki huja na bili ya maji. Bila maji, muache.

Halafu kuna sumu. Novemba 2021, huko Pemba, watu 7 walifariki baada ya kula nyama ya kasa. Machi 2024, kisiwani Panza, Pemba hiyohiyo, wakafariki 9, na 8 kati yao walikuwa watoto. Kasa hula vitu baharini vinavyoweza kuacha sumu kwenye nyama yake, na kupika hakuiondoi. Bunju naye ana sumu isiyotoka kwa moto. Kama wenyeji waliozaliwa kando ya bahari wanapotea kwa njia hii, wewe wa kutoka mlimani usijaribu kabisa.

Kinachofaa ni dafu, kwa sababu linakupa maji kwanza na chakula baadaye. Bila panga, lifue kama nazi: chomeka kijiti kigumu chenye ncha ardhini mfano wa kifuo, ligandamize na ulizungushe hadi ganda liachie. Usinywe mengi kwa mkupuo, yanaweza kukuharisha, na kuhara ni maji yanayoondoka.

Saa ya wanaokutafuta

Hizi si fukwe za jangwani. Kwenye Ziwa Nyasa wavuvi wa usipa hutoka usiku na taa zao, na baharini wavuvi wa dagaa hufanya vilevile, hasa siku za giza la mwezi. Ukiona taa, kuna watu. Lala mahali utakaposikika, lakini pawe salama. Baharini, wakati wa bamvua, maji yanaweza kupanda mita 3 hadi 4 kati ya kupwa na kujaa, kwa hiyo lala juu ya mstari wa mwani. Ziwani usilale mdomoni mwa korongo. Mvua inaweza kuwa inanyesha juu mlimani huku kwako nyota zinaonekana. Mchana andika herufi kubwa kwenye mchanga, tandika juu yake majani meusi au mawe, na usihame bila sababu. Anayekutafuta ataanzia pale ulipotarajiwa kuwepo.

Ukiangalia vizuri, yote niliyoyaeleza yanakununulia muda: kivuli kinakupa saa, shimo na chupa vinakupa siku. Lakini muda huo una maana pale tu ambapo kuna mtu anajua umechelewa. Kwa hiyo kabla hujapanda mtumbwi pale Matema, au boti pale Kilwa Masoko, mwambie mtu mmoja wa nchi kavu unakwenda wapi na utarudi saa ngapi. Usiporudi, utafutaji wako unaanza hapo.